Shimo Nililoliacha Wazi

Mashine ya baba nimeiweka nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Kitengela, nimeifunga kwa leso kuukuu ya mama. Kila nikifagia, ufagio huigusa, nayo hugonga ukuta. Mpaka mwezi uliopita ilikuwa haijawashwa tangu tumzike mwenyewe. Betri nilikuwa nimezitoa nikazitia kwenye rimoti ya televisheni, kwa sababu mimi si mtu wa kuabudu vitu. Lakini waya wa hedifoni sikuufungua. Ulibaki umezungushwa vile alivyouzungusha yeye, mizunguko saba na fundo. Nataka kueleza habari ya waya huo, na ya shimo moja ambalo sikulifukia.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Ukipita sehemu ya zamani ya Kitengela, yale mageti yenye maua ya chuma katikati, mengi ni ya mkono wake, ingawa sasa yameshika kutu na wenye nyumba wameyapaka rangi wanazozijua wenyewe. Miaka zaidi ya thelathini ya nyundo na grainda ilimnunulia ploti, ikatusomesha, ikamla masikio. Alipostaafu, sauti nene alizisikia bado, nyembamba zilimpita. Ndege hakuwasikia. Simu ikilia mfukoni mwake, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Na katika hali hiyo, mtu mzima na akili zake, akaenda akanunua mashine kuukuu ya kutafutia dhahabu, ambayo kazi yake yote duniani ni kulia kwa sauti nyembamba.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Wenzako wanatafuta wajukuu, wewe unatafuta dhahabu," akamwambia. Baba hakusikia, au alisikia akajifanya. Huo ndio uliokuwa utamu wa uziwi wake. Alikuwa ameongea na mteja mmoja aliyetoka upande wa Migori, akaambiwa kwamba dhahabu hukaa makorongoni, nyuma ya mawe makubwa na kwenye kona za ndani, kwa kuwa ni nzito na haipendi safari. Basi, kwa baba korongo ni korongo. Kama Migori iko, kwa nini Kajiado isiwe? Hakuna aliyemwambia kwamba makorongo ya Kajiado yana dhahabu, lakini pia hakuna aliyemwambia kwamba hayana, na kwa fundi aliyezoea ahadi za wateja wa Kitengela, hiyo ilimtosha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani na masanduku mawili na hasira ambayo haikuingia katika sanduku lolote. Ndoa ilikuwa imekwisha, saluni nimeifunga, umri unakaribia arobaini. Nilimjibu kila mtu kwa ukali, hata muuza maziwa. Baba hakuniuliza lolote. Jumamosi moja asubuhi alinigongea dirisha akasema, "Maitu, kuja unisaidie masikio." Maitu ni mama yangu, kwa Kikuyu. Nimebeba jina la mamake, kwa hiyo tangu utotoni nilikuwa mama yake, na tangu utotoni nilikitumia cheo hicho vibaya.

Waya wa hedifoni alikuwa ameurefusha kwa kuuunga mwenyewe, ukawa wa hatua tatu hivi. Yeye alitangulia na mashine, akiipitisha sahani yake juu ya mchanga kushoto na kulia, polepole, kama mtu anayepiga pasi. Mimi nilifuata nyuma nimevaa hedifoni. Kumpigia kelele kutwa nzima nisingeweza, kwa hiyo tulikubaliana ishara: mashine ikilia kidogo, navuta waya mara moja, ikilia kwa nguvu, mara mbili. Akivutwa, alisimama palepale, akapiga magoti, akaanza kuchimba. Hakuwahi kuuliza kama nina hakika. Katika mwaka ule ambao sikuaminiwa na mtu, na mimi mwenyewe sikujiamini, kulikuwa na mzee aliyesimama kila nilipovuta waya. Nilikuwa sijui kama hiyo ni furaha. Sasa najua.

Tulipita Isinya, tukapita Kajiado, na mbele ya Bissil tukaiacha lami, tukafuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye korongo letu. Mvua zikipita lilikuwa kavu kabisa, na kwa kuwa dhahabu huoshwa kwenye karai, tulibeba maji kutoka nyumbani, mitungi mitatu ya plastiki nyuma ya pikapu. Ndiyo, tulibeba maji kwenda mtoni. Tuliosha mchanga juu ya beseni ili maji yasipotee, tukayatumia tena mpaka yakawa uji. Mchanga wa kule umejaa ulanga, vile vipande vyembamba vinavyometa, na siku ya kwanza nilipoona karai linang'aa lote nilipiga ukelele nusura nilie. Baba alichukua kipande kimoja, akakivunja kwa ukucha, akakipuliza. "Dhahabu haivunjiki hivi," akasema. "Hii ni ya kudanganya watu wenye haraka." Alijua anamwambia nani.

Mwenye ardhi alitokea Jumamosi ya pili. Mzee wa Kimaasai, mwembamba, shuka nyekundu na koti la suti juu yake, fimbo mabegani. Alisimama ukingoni akatutazama muda mrefu, baba mbele, mimi nyuma nimeshika waya.

"Sasa," akasema, "kati yenu nani anachunga mwingine?"

Nilicheka, kicheko changu cha kwanza baada ya miezi. Baba alipoelezwa kwa kupigiwa kelele, naye alicheka. Mzee akashuka korongoni, akalitazama shimo tulilokuwa tumetoka kulichimba, akatupa sharti lake.

"Tafuteni hiyo kitu yenu. Lakini hii shimo ukiacha wazi, ni mguu ya ng'ombe yangu. Ukichimba, funika. Ukifunika, kanyaga. Mimi nitakuja kuangalia."

Alikuja kweli. Kila tulipofukia shimo, alichoma fimbo yake pale. Ikizama, alitikisa kichwa tu, nasi tukarudia. Ikigoma, alisema, "Imeshika," akaenda kukaa chini ya mgunga kungoja chai yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini mzee yule ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akipita kukagua ufa mmoja mmoja.

Wakazoeana. Wazee wawili wakawa wanapigiana makelele chini ya mgunga, baba kwa sababu hakusikia, mzee kwa sababu aliona kwamba mtu asiyesikia Kiswahili huenda akasikia Kimaa, akawa anachanganya. Tulichimba misumari ya reli, vizibo vya soda, senti kumi ya zamani yenye tundu, na kengele ya ng'ombe ambayo mzee aliitikisa sikioni, akaitambua, akamtaja dume aliyeivaa na ukame uliomuua. Dhahabu hatukuona. Kila jioni tuliporudi mama aliuliza, "Niagize makochi?" Baba alijibu, "Ngoja kidogo."

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Jumamosi moja, katika mwaka wa pili, mzee alimwuliza baba kwa nini binti mzima kama mimi yuko korongoni badala ya kwake. Baba hakujua sauti yake ina ukubwa gani, viziwi hawajui. Alijibu, na korongo zima likasikia: "Huyu alikuwa na bwana, alikuwa na kazi. Sasa amebaki na mimi tu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza, kama anavyoeleza kwamba geti limepinda. Lakini mimi nilichemka. Nilichukua mashine na beleshi, nikawaacha na chai yao, nikapinda kona peke yangu. Mashine ililia mara moja, kwa nguvu. Hapakuwa na wa kumvuta. Nilichimba kwa hasira, nikachimba shimo pana kama beseni na refu kupita kiwiko, na chini yake nikatoa kifuniko cha mkebe wa samaki. Nilikitupa. Nililitazama lile shimo. Nikasema moyoni, aje afukie yeye aliyebaki na mimi tu. Nikaondoka.

Kwenye pikapu baba aliniuliza, "Kule ulikochimba, ulifukia?"

"Nilifukia," nikasema, macho barabarani.

Kesho yake, tukiwa tumetoka kanisani, simu ya baba ililia. Alizoea kuiweka kwenye spika, kwa hiyo tulisikia sote. "Ndama yangu imeanguka kwa shimo," mzee alisema. "Mguu imevunjika. Kuja."

Tulikwenda. Ndama alikuwa amekwisha kuchinjwa, maana ndama wa mguu uliovunjika vile hana la kungoja. Alikuwa jike, wa kwanza wa ng'ombe ambaye mzee alimpenda. Mzee alisimama kando ya shimo, fimbo chini. Baba aliliangalia shimo. Kisha akaziangalia raba zangu, kwa muda mfupi tu. Nilizijua alama zake. Zilikuwa zimelizunguka lile shimo lote, ndogo, na viatu vya baba vilikuwa kama mitumbwi.

"Ni mimi," baba akasema. "Nimezeeka. Nimesahau kufukia."

Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mdomo ambao mtaa mzima uliuogopa, na siku ile mdomo huo haukufunguka. Baba alichukua beleshi akalifukia shimo langu, akalikanyaga, na mzee akachoma fimbo. Haikuzama. Hakusema "imeshika."

Siku ya soko baba alikwenda Bissil, akazunguka zizini asubuhi nzima na mchuuzi mmoja Msomali aliyekuwa na subira ya ajabu, mpaka akapata ndama jike mwenye rangi iliyokaribia ya yule aliyekufa. Tulimpeleka kwa pikapu. Niliketi nyuma naye, nimemshika shingo, na njia nzima alinilamba mkono. Nilitamani aniume.

Mzee hakumpokea. Alisimama mbele ya boma lake akauliza, "Unalipa ama unapeana?"

Baba hakuelewa. Nikamrudishia swali kwa kelele.

"Ukilipa," mzee akaeleza, "mambo imekwisha. Ng'ombe kwa ng'ombe. Wewe enda kwako, mimi nibaki kwangu, na kwa korongo usirudi. Lakini ukipeana, haijaisha. Tuko pamoja mpaka kufa. Chagua."

Baba alinigeukia, akaniangalia, akamrudia mzee. "Ninapeana," akasema.

Mzee akampokea ndama kwa mikono miwili, akamtemea baba mate kidogo kifuani, ambayo kwao ni baraka, na kuanzia dakika ile majina yao yakafa. "Kwetu mtu akikupa kondoo, munaitana Paker," akasema. "Ukinipa ndama, wewe ni Paashe, na mimi ni Paashe. Ile jina ya kitambulisho, hiyo pelekea chifu."

Miaka sita waliitana hivyo. "Paashe!" toka ukingoni. "Paashe!" toka chini. Baba, ambaye ndege hawakumfikia, neno hilo alilisikia likiwa mbali. Alipenda kuitwa. Alirudi nyumbani akamfundisha mama, akawaambia mafundi wenzake. Nami kila nilipolisikia lilinichoma kama mwiba uliovunjikia ndani, kwa sababu jina lile zuri lilikuwa limejengwa juu ya uongo wangu. Nilikuwa mkali siku hizo pasipo sababu, na baba alidhani ni jua.

Lakini nisiseme uongo mwingine kwamba haikuwa miaka mizuri. Nilifungua saluni tena, ndogo, nikawa nafunga Jumamosi, siku ambayo saluni zote hutengeneza hela, na wateja wakanitukana. Sikujali. Zile hatua tatu za waya ndizo zilizokuwa nyumbani kwangu. Na mwaka wa nne, nyuma ya jiwe moja jeusi, chini kabisa ya karai, kilibaki kipande cha njano kidogo kuliko punje ya mtama. Baba alikibonyeza kwa ukucha. Hakikuvunjika. Aliketi chini mchangani na kofia yake mkononi. Tulikitia kwenye chupa ndogo ya dawa, na mama akaacha kuuliza habari ya makochi. Sijakipeleka kwa sonara na sitakipeleka.

Baba alipougua, alilazwa siku kumi na moja. Siku zote hizo nilikaa kando ya kitanda chake nikitaka kumwambia. Mficha uchi hazai, nilijiambia, sema. Lakini masikio yake yalikuwa karibu kwisha kabisa, na ili asikie ilibidi kupiga kelele, na wodi ilikuwa na wagonjwa wanane na wageni wao. Nitapigaje kelele, "Baba, nilikudanganya"? Nilimwinamia, nikasema polepole sikioni. Akatabasamu, akaniuliza kama mvua imenyesha Bissil. Siku ya mwisho alikuwa ameshika ncha ya shuka, na mara moja aliivuta, kidogo. Nilisimama. Nilimwinamia nikangoja.

Mzee alikuja mazishini na watu wake watano. Wengine walitupa udongo, yeye aliweka majani mabichi kaburini, akasema kwa sauti ile ile ya korongoni, "Lala, Paashe." Nilishindwa kumwangalia.

Mwezi uliopita nilinunua betri, nikaitoa mashine nyuma ya mlango, nikaenda peke yangu. Nilimkuta chini ya mgunga. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikajibu kwa Kimaa, kama alivyonifundisha, nikainamisha kichwa kama mtoto, naye akaniwekea kiganja utosini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Isinya. Yote yalinitoka.

"Mzee, lile shimo la ndama. Ni mimi nililiacha. Baba hakuwa amesahau."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mimi ni mchungaji. Naangalia chini nakwambia ng'ombe ya nani imepita jana, na kama iko na mimba. Sasa nishindwe na kiatu?" Akanyoosha mguu wake, akaupima kwa macho na wangu. "Hata kabla nipige simu nilijua."

Nilikasirika. Ndivyo nilivyo, hata aibu kwangu huingia kwa mlango wa hasira. "Kwa nini basi ulimwacha aseme uongo mbele yako? Kwa nini miaka yote hiyo hukuniuliza?"

"Nilimuuliza yeye. Ile siku alileta ndama, wewe ulienda na gari mpaka Bissil kuchukua maji. Nikamwambia, Paashe, hii si mguu yako. Akasema anajua." Mzee akakuna ardhi kwa fimbo. "Akaniambia, huyu nikimwaibisha hatakuja tena. Na yeye asipokuja, mimi sisikii kitu. Wacha. Siku moja atakuja kusema mwenyewe. Sasa mimi nilikuwa nangoja."

Nililia pale chini ya mgunga, bila adabu, kwa sauti. Mzee hakunibembeleza. Alingoja kilio kiishe, kama anavyongoja ng'ombe amalize kunywa. Kisha akainuka, akanipeleka nyuma ya boma, penye ng'ombe mkubwa wa rangi niliyoikumbuka. Kando yake kulikuwa na ndama jike, masikio bado yamelegea.

"Huyu ni ya yule baba yako alileta. Nakupa. Lakini usipeleke Kitengela, huko hakuna nyasi, ni mabati tu. Atakaa hapa. Wewe kuja Jumamosi umuone."

Nikasema, "Nimekuja na mashine."

"Naona."

Tukashuka korongoni. Nililifungua fundo la baba na mizunguko yake saba, nikavaa hedifoni, nikaitwaa mashine mwenyewe, na ule waya mrefu ukawa unaburuta mchangani nyuma yangu, hatua tatu zisizo na mtu. Nilikaribia kurudi. Kisha nikasikia umekazika kidogo. Niligeuka. Mzee alikuwa ameuokota, ameushika kwa vidole viwili asijue unashikwa vipi, anafuata.

Mashine ililia karibu na kona ile ile. Nilichimba, nikatoa msumari wa reli. Nililifukia shimo, nikalikanyaga kwa miguu yote miwili, nikaongeza mchanga, nikalikanyaga tena. Nikasogea kando. Mzee akaja, akachoma fimbo yake pale, kwa nguvu.

"Imeshika, Paashe," akasema.